Moshi ya Heshima

"Kwangu, bamama, gunia moja ya makala inaonaka Noeli, inaonaka Pasaka, na Pentekoste ikifika, gunia inauliza kama tunaendelea ao tunapumuzika kwanza."

Ile maneno Mama Kanyere aliisema amesimama wima, mu mukutano ya shirika, ile jumuiya yetu ya sala, hapa Kimemi mu Butembo, mbele ya Mungu na mbele ya bamama makumi tatu. Balikuwa bamemaliza rozari, banaingia mu mambo ya dunia, ni kusema bei ya makala. Tangu bachomaji balianza kuogopa pori juu ya batu ya bunduki, gunia ilikuwa inapanda kila juma, na kila mama alikuwa na kilio yake. Mumoja akasema batoto bake banakunywa chai ya baridi. Mwingine akasema bwana yake anauliza sombe, ile majani ya mihogo, kama mutu anauliza habari ya marehemu. Kanyere aliacha balie bote mupaka mwisho, kisha akasimama, akatengeneza kitenge yake, akatupa ile maneno ya gunia yake katikati ya nyumba.

Bamama bakacheka. Mama Maliro peke yake hakucheka. Yeye anauzishaka makala kwa ndoo, ku kona ya barabara, uso kwa uso na mulango ya Kanyere. Kusimama mbele ya muuza makala na kusema makala yake hauna haja nayo, ni sawa kuingia ku boucherie, kwa muuza nyama, na kutangaza kama unakulaka majani.

"Basi kwako munakulaka bibichi," Mama Maliro akasema.

"Kuya siku moja uonje," Kanyere akajibu.

Hakuenda. Muuza makala hana haraka ya kwenda kuonja njaa yake mwenyewe.

Sasa mutu asizani Kanyere alikuwa anadanganya. Bongo, ni kusema uongo, anayo kama sisi bote, mais ile haikukuwa bongo. Mambo yake iko hivi. Asubui saa kumi na mbili, mbabula, ile jiko ya makala, inawaka, na moto ya nguvu ni ile moja tu, kuacha dakika kidogo za bugali. Kwanza chai. Kisha mayi ya kunawa. Kisha maharagi, yenye ililala mu mayi usiku muzima. Inachemuka nusu saa, haipati hata dakika ya kuongeza. Halafu Kanyere anatosha sufuria ku moto na kifuniko yake juu, anaifunga mu kitambaa, anaiingiza mu kitunga moja kubwa yenye imejaa majani kavu ya migomba, nguo za kupasuka na nusu ya blanketi. Ile kitunga iko na jina: Tantine. Kanyere anabeba Tantine mupaka ku kitanda yake, anamufunika blanketi mbili kama mutoto mwenye malaria, anafunga mulango. Saa sita, maharagi imeshaiva, iko laini kuliko maneno ya kandida mbele ya uchaguzi. Na ule moto wa asubui? Makala yenye ingali nyekundu inaingia mu ndoo ya rangi, kifuniko inafungwa, moto inakosa pumzi, inakufa. Kesho inawaka tena. Makala moja ku ile nyumba inakufa na kufufuka mara tatu mbele ya kuwa majivu. Na majivu inasugua sufuria.

Tena Butembo ni Butembo, baridi yake haina huruma. Kitanda yenye Tantine alilala mchana inabaki na joto mupaka magaribi. Papa Éliakim, bwana ya Kanyere, anasemaka Tantine njo mwanamuke wa pili yenye bibi yake alishakubali ndani ya nyumba, na yeye mwenyewe hana neno.

Éliakim ni fundi ya kujenga, mutu mukubwa wa mwili, wa maneno kidogo, mwenye kupenda kula. Batoto bake babili balikomea ku ile shule ya mama yao tangu kunyonya. Pantalon ya Salomon, mukubwa, ikichoka magoti, inakuwa kiputula; kiputula ikichoka, inakuwa mufuko ya Séphora ya kwenda nayo ku soko; mufuko ikitoboka, inakuwa kitambaa ya kupanguza meza; na kitambaa ikishindwa kupanguza, inaingia mu tumbo ya Tantine kutunza joto. Nguo ku ile nyumba haizikwake. Majani ya chai ya asubui inaanikwa juu ya manjanja, ile bati ya paa, magaribi inaonana tena na mayi, haiko na ladha sana lakini iko na kumbukumbu. Sukari Kanyere anaiweka mwenyewe mu birika. Kopo ya sukari, mutoto wa ile nyumba anaijua kwa sauti tu. Na mvua ikinyesha, batu bengine banakimbia kuingia ndani. Kwa Kanyere banakimbia kutoka, kila mumoja na bidon yake, juu mayi ya mbinguni haina facture ya kulipa.

Ukizani balikuwa banaishi vibaya, unakosea. Ku ile meza balikuwa banacheka kuliko kwetu. Sisi tulikuwa na moshi mingi na mboga kidogo. Bao balikuwa na mboga mingi na moshi hakuna.

Na moshi njo kitu moja yenye Kanyere alisahau. Kwetu, moshi ya jikoni ni carte d'identité, kitambulisho ya mwanaume. Saa kumi na moja ya magaribi mutu anapita mu avenue, anaangalia juu ya mapaa, anasoma kama gazeti: hapa banapika, hapa banapika, hapa bwana amesafiri, hapa kuna shida. Juu ya paa ya Éliakim hakukuwa kitu ya kusoma. Siku mingi ile haikuleta neno. Majirani balijua, bakacheka kidogo, bakazoea. Neno ilikuja pale Salomon alitafuta bibi wa kuoa.

Salomon anatengenezaka matelefone, ku njia ya kwenda Rughenda, mu kibanda ya mbao yenye baba yake alimujengea na mbao ya kubakia ku chantier ya kujenga. Siku moja akaingia musichana na telefone yenye kioo ilikuwa imevunjika kama njia ya Manguredjipa, mashimo tupu. Jina yake Nadège, mutoto ya Papa Muyisa wa Beni, alikuwa anasomea kazi ya bauguzi hapa Butembo. Ile telefone Salomon aliitengeneza juma tatu. Kazi ya saa moja, juma tatu. Ndani ya ile nyumba hakuna mutu alishatumia wakati mingi hivyo kwa kitu moja. Mwishoni bazee balionana, Éliakim akaenda Beni na bandugu babili, bakakaribishwa vizuri, bakaambiwa mahari ya kuanza: mbuzi kumi. Mais jibu yenyewe itatoka kisha kuulizia.

Kuulizia, kila mutu anajua. Familia ya binti inatuma mutu, mara mingi shangazi, aende kuangalia kule mutoto ataolewa. Haendi ku nyumba yenyewe. Pale mutamuwekea kiti ya kuazima na mutamuchinjia kuku, ataona nini? Anazungukia inje. Anauliza mwenye duka, anauliza bamama ku bomba ya mayi, anauliza muuza makala. Diplôme yako unaweza kuitundika ku ukuta, mais CV yako iko mu kinywa ya jirani.

Papa Muyisa alituma dada yake, Kasonia, mama mumoja mufupi mwenye lunettes ya macho, mujane, mwenye alishaulizia ndoa saba na kuvunja tatu. Akashuka ku gari ya Beni siku ya tano ya juma, mu Karema, ile mufungo ya mbele ya Pasaka, akaomba kiti kwa Mama Maliro, akanunua avoka mbili, akakaa. Alikaa tangu saa tatu mupaka saa kumi na mbili. Macho yake ilikuwa ku paa ya Kanyere.

"Batu ya ile nyumba," akauliza, kama mutu anauliza saa, "unabauzishiaka makala?"

"Nabauzishiaka," Mama Maliro akasema. "Noeli. Gunia moja."

"Na kisha Noeli?"

"Banangojea Pasaka."

"Pasaka banakuya kununua?"

"Hapana. Pasaka banakuya kunisalimia."

Mama Maliro hakuongeza chumvi. Alisema ile alisikia mu shirika kwa kinywa ya mwenyewe, na ile anaona kila siku ku kona yake. Ni ukweli mutupu, na ukweli mutupu njo inauaka ndoa. Kasonia akaangalia paa mara ya mwisho, akafuta lunettes yake, akaona kosa haiko ku lunettes, akarudi Beni.

Siku ya pili Nadège akatumia Salomon sauti ku WhatsApp. Salomon aliisikiliza mbele ya meza, na nyumba yote ikasikia.

"Salo, shangazi alisema ku nyumba yenu jikoni ni ya baridi. Alisema alikaa siku muzima, hakuona hata uzi ya moshi. Papa anauliza kama mutoto wake ataenda kufunga Karema mwaka muzima. Na yule wa cacao, mwenye anataka kunioa, alirudi tena jana. Kwao kunatoka moshi kama ku briqueterie ya matofali. Papa anasema atatoa jibu mbele ya Pasaka. Fanyeni kitu."

Batu ine balikuwa ku meza. Mbele yao ilikuwa sahani ya maharagi, bugali, mboga ya lenga-lenga na kipande ya samaki ya Vitshumbi, bitu yenye yule wa cacao pengine hakukula ile siku. Salomon akasukuma sahani yake. Kutoka azaliwe, ilikuwa mara ya kwanza mutu anaacha chakula ku ile meza, na Kanyere alielewa pale njo mambo ni kubwa.

"Mutoto atakosa bibi juu ya maharagi yenye imeiva," akasema. "Dunia hii."

"Atakosa bibi juu ya moshi," Éliakim akasema. "Donc tutaleta moshi."

Kesho yake akatoka ku chantier na fungu ya majani mabichi ya kaliptusi. Ku chantier ile majani inatupwaka, banakata miti ya kushikia dalle ya simenti, majani inabaki. Kanyere akaiangalia kama mutu anaangalia muguu ya nyoka.

"Papa Salomon, unataka kuchoma kitu bila kupika kitu?"

"Ni majani ya bure."

"Moto haiko bure. Kiberiti moja ni kiberiti moja."

"Mama Salomon," Éliakim akasema polepole, "bwana wako anaitwa mutu wa njaa mupaka Beni. Niangalie." Akajionyesha, mabega, tumbo, shingo. "Niangalie vizuri."

Kanyere akamuangalia. Ilikuwa kweli mambo ya kusikitisha, mwanaume wa kilo makumi tisa anaitwa mutu wa njaa. Akatoa kiberiti, kijiti moja, akarudisha kisanduku yake mu kifua.

Ile moshi bakaipa jina: moshi ya heshima. Saa tano ya asubui na saa kumi na moja ya magaribi, nyuma ya jikoni, mu mbabula ya kuzeeka. Siku ya kwanza Salomon mwenyewe akapepea, na shati yake ya kwenda misa, juu mapendo haina akili. Kaliptusi mbichi haichezake. Moshi ikatoka ya maziwa, nzito, ikapanda juu ya paa, ikashuka mu avenue, kuku zikakohoa. Nyumba ikanuka kama dawa ya kifua. Jirani wa nyuma, Papa Ananie, alitoka mu usingizi, akaona wingu, akapiga makelele ya moto, na mbele mutu amuelezee alikuwa ameshamwanga ndoo mbili ya mayi ku dirisha ya jikoni. Ndoo ya tatu Kanyere aliiwekea bassin chini.

"Mwanga tu, Papa Ananie," akasema. "Mayi ni mayi."

Kisha juma moja avenue ilizoea. Mama Maliro ku kona yake alikuwa anaangalia ile moshi na kutikisa kichwa. Makala hakuuzisha, kuni hakuona zinaingia, na moshi inatoka. Alikuwa mutu wa biashara miaka kumi na tano, na hakuna kitu inamuumiza mutu wa biashara kama kuona bidhaa yenye hakuuzisha.

Nadège akapeleka habari Beni: sasa banapika, banapika sana, shangazi arudie tu kuona. Alifanya vizuri kwa upande wa mapendo, na vibaya kwa upande wa akili. Juu Kasonia alirudi, mais mara hii hakuomba kiti kwa mutu. Alitokea siku ya ine ya juma, saa tano na nusu, Éliakim iko ku chantier, Salomon iko Rughenda. Hakupiga hodi ku mulango ya mbele. Alifuata moshi.

Nyuma ya jikoni akamukuta Séphora. Séphora ana miaka kumi na sita; alikuwa amekaa ku kigoda, uniforme ya shule ingali ku mwili, anapepea na kifuniko ya ndoo, machozi inatiririka. Mbele yake mbabula. Juu ya mbabula, hakuna sufuria. Hakuna kitu.

Kasonia akasimama. Alikuwa ameshaulizia ndoa saba, alishaona bwana wa kuazimisha na ngombe wa kuazimisha, mais moto yenye haina sufuria hakuwa ameshaiona.

"Mutoto, munapika nini?"

Séphora alimujua kwa lunettes, juu Nadège alikuwa amemuelezea mara mingi. Akatafuta bongo ya kusema. Bongo ikakosa. Ku ile nyumba hata bongo banatumiaka kidogo.

"Moshi, shangazi," akasema. "Tunapika moshi."

Kanyere alisikia toka ndani. Akatoka na mikono yenye mayi, akaona mukwe, akaona mbabula, akaona macho ya mutoto, akaelewa yote mara moja. Alikuwa na nafasi ya maneno mbili ao tatu, na mu ile maneno kulikuwa ndoa yote ya Salomon.

"Mama Salomon," Kasonia akasema, sauti ya chini, njo yenye kuogopesha. "Mara ya kwanza nilikuya kuangalia kama munakulaka. Nikasema pengine ni umasikini, na umasikini si zambi. Leo naona munadanganya. Ile ni neno ingine."

"Kudanganya, tunadanganya," Kanyere akajibu. "Njaa, hatuna. Shangazi, ingia."

"Niingie wapi?"

"Ku chumba yangu ya kulala."

Mukwe haingiake ku chumba ya kulala ya bakwe. Hata sisi bote tunajua. Mais Kasonia alikuwa ameshafika mbali sana na udadisi ili kurudi nyuma na adabu. Akaingia. Ku kitanda kulikuwa kitu imelala, imefunikwa blanketi mbili. Kasonia akapunguza sauti.

"Nani mugonjwa?"

"Ni Tantine," Séphora akasema nyuma yao.

Kanyere akafunua blanketi ya kwanza, blanketi ya pili, akatosha majani, akatosha kipande ya pantalon ya Salomon ya mwaka wa sita primaire, akafungua kifuniko. Joto ikapanda yote kwa mara moja, na harufu ya kitunguu na majani ya céleri. Lunettes ya Kasonia ikawa nyeupe. Akaivua, akaifuta, akaangalia tena. Maharagi ilikuwa pale, inatoa moshi yake ya kweli, ile ndogo, ya heshima yenyewe.

Kasonia akapiga magoti. Séphora alizani anataka kusali. Hapana, alikuwa anaangalia chini ya kitanda.

"Moto iko wapi?"

"Ilikufa saa mbili ya asubui," Kanyere akasema.

Kasonia akatia mukono, akachukua kipande moja ya haragi, akaifinya kati ya vidole, ikalegea. Akaikula. Akachukua ya pili, si kwa uchunguzi tena.

"Toka saa mbili?"

"Toka saa mbili. Haiunguke, haimwangike, haihitaji mutu wa kuangalia. Mimi nikienda shamba, inaiva. Nikienda misa, inaiva. Hata nikigombana na bwana wangu, inaiva."

Sasa bugali inahitaji moto ya kweli. Kanyere akafungua ndoo ya rangi, akatosha makala ya jana, bipande kumi na ine, akaipanga mu mbabula kama mutu anapanga mayai. Ikawaka, mayi ikachemuka, bugali ikageuka, na mbele Kasonia atafute fasi ya kukaa, makala ilikuwa imesharudi mu ndoo, kifuniko juu. Akakula sahani moja. Akakula sahani ya pili. Hakusema kitu mupaka mwisho, kisha akapanguza kinywa.

"Wasingya," akasema kwa Kinande, ni kusema asante, na pale Kanyere alianza kupumua. "Na ile moshi ya inje?"

"Ile ni ya majirani, shangazi. Na yenu."

Kasonia akacheka. Alicheka vibaya, kama mutu mwenye hana zoezi, mabega inapanda na kushuka bila sauti. Akauliza majani ya migomba ikauke siku ngapi. Akauliza kama sombe inakubali. Inakubali, Kanyere akasema, ukiipiga vizuri na ukiichemusha saa moja mbele. Akauliza muchele, akauliza mihogo, akauliza kitunga ilisukwa na nani. Bamama babili bakaketi ku kitanda, Tantine katikati yao, na kama mutu angepita angesema ni badada.

Kama Kanyere angenyamazia pale, historia ingeisha vizuri sana. Mais ni yuleyule mwenye alisimama mu shirika. Ukimuonyesha mutu mumoja mwenye anasikiliza, anasimama tena.

"Na faida yake, Mama Salomon," Kasonia akauliza, kama mutu anauliza saa, "inaendaka wapi?"

"Kuya uone."

Akamupeleka nyuma, akamuonyesha nyumba ndogo yenye Éliakim alimalizia mwaka uliopita, byumba mbili, manjanja mupya. "Ile manjanja yote, shangazi, ni makala yenye hatukuchoma." Akamuonyesha machine ya kushona ya Séphora, ingali na plastiki. "Ile ni makala na sabuni." Akamuonyesha shamba ndogo yenye balinunua kule chini ya mulima, kwa kidole, juu ilikuwa mbali. "Na ile, shangazi, ni sukari."

Kasonia alikuwa anaitika tu kwa kichwa. Manjanja, akaitika. Machine, akaitika. Shamba, akafuta lunettes ili aione vizuri.

Magaribi Kanyere akaelezea yote ku meza, na furaha. Salomon akashika kichwa, kisha akacheka, kisha akakula mara mbili. Éliakim peke yake akaacha kutafuna.

"Ulimuonyesha nyumba ya nyuma?"

"Nilimuonyesha."

"Na machine?"

"Na machine."

"Na shamba, Mama Salomon?"

"Na kidole tu."

Éliakim akafunga macho. Mutu mwenye alishajenga nyumba za bengine miaka makumi mbili anajuaka mambo ya devis, ile karatasi ya bei ya kazi: mwenye nyumba akionyesha salon mbele ya bei, bei inapanda.

Jibu ilikuja kisha siku tano, kwa telefone, Kasonia mwenyewe. Kanyere akaweka sauti inje ili bote basikie.

"Mama Salomon, kaka yangu amekubali. Yule wa cacao tumemurudishia maneno yake. Kwao moshi iko mingi, nilienda kuangalia, nikakuta banachoma tu bila kufunika sufuria. Mutoto wetu hapana kwenda ku batu ya hasara."

Salomon alikuwa ameshatoka inje kukimbia kimbia mu kiwanja kama mbuzi mudogo.

"Wasingya, shangazi, wasingya sana," Kanyere akasema.

"Bado. Mambo ya mbuzi. Tulisema kumi."

"Kumi, njo ile."

"Kumi ilikuwa mbele nione. Batu benye kuezeka nyumba na makala yenye habakuchoma, mbuzi ine ya kuongeza haiwezi kubashinda. Tunasema kumi na ine."

Kanyere akafungua kinywa. Sisi benye tunamujua tulikuwa tunangojea, juu mu soko ya Kimemi bauza nyanya banaficha zile nzuri bakimuona, anapunguzaka bei mupaka mutu anaomba arudishiwe nyanya zake. Akasema kumi na moja. Kasonia akasema kumi na ine. Akasema kumi na mbili na blanketi ya mama. Kasonia akasema kumi na ine, na blanketi ya mama iko mu desturi, haihesabiwe.

"Shangazi, hauna huruma."

"Mama Salomon, mimi nilikuwa na huruma. Wewe ulinifundisha kuchunga mali."

Éliakim alikuwa anacheka pole pole, tumbo inatikisika, na ilikuwa muda mingi Kanyere hajamuona hivyo. Akaangalia inje. Salomon alikuwa amemubeba Séphora ku mugongo, banazunguka mbabula ya kaliptusi, yenye ile siku hakuna mutu aliiwasha. Akavuta pumzi.

"Kumi na ine," akasema. "Mais bya kike saba, bya kiume saba, na sisi njo tutachagua."

Juma yenye ilifuata akavaa kitenge ya zamani, ile ya kuonekana masikini, akaenda na Éliakim ku soko ya mbuzi. Akazunguka tangu asubui. Akafungua vinywa ya mbuzi kuhesabu meno, akapapasa migongo, akauliza kila muuzaji, akaondoka, akarudi, akaondoka tena, akakaa chini kama mutu mwenye kufiwa. Bauzaji balikuwa ni Banande kama yeye, nabo banajua kuchunga mali.

Mbuzi moja ya kike, ya meno mbili: asubui dola makumi munane na tano, magaribi dola makumi munane na tano.